Futa jina, jenomu inabaki

Kila mtengeneza programu anajua njia ya haraka ya kuficha watu walio ndani ya hifadhidata. Unafuta safu ya majina, unafuta ya nambari za simu na ya vitambulisho, kisha kila mtu unampa nambari isiyo na maana yoyote: 0001, 0002, 0003. Kazi kwisha. Ukiulizwa, unajibu kwamba data hii haina mwenyewe.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotumika katika mojawapo ya miradi mikubwa kabisa ya sayansi, yaani ule wa kusoma jenomu ya binadamu. Leo, wapenzi wasomaji, nataka tupitie historia hiyo tukifuata jambo moja tu: ahadi waliyopewa watu waliotoa damu yao kwamba hawatajulikana. Ahadi hiyo imevunjika mara nyingi, na mara nyingi haikuvunjwa na wezi. Ilivunjwa na watu kama sisi, wenye tarakilishi, subira na programu chache. Tusidhani pia kwamba ni mambo ya ng'ambo tu, kwa sababu hapa Kenya suala hili limeshafika kortini.

Tuanze na mambo ya msingi. Kwa lugha yetu ya tarakilishi, jenomu ni faili ndefu sana iliyoandikwa kwa herufi nne pekee: A, C, G na T. Herufi hizo ni kama bilioni 3. Ukimlinganisha mtu yeyote na jenomu ya rejea, ile ambayo watafiti huitumia kama kipimo, utakuta tofauti kwenye sehemu kama milioni 4 hadi 5. Sasa sikiliza haya. Mwaka wa 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba ukijua herufi zilizo katika sehemu 30 hadi 80 tu zisizotegemeana, unaweza kumtenga mtu mmoja na wengine wote duniani. Themanini tu, kati ya mamilioni! Kwa hiyo anayefuta jina na kuacha jenomu ni kama anayefuta jina kwenye kitambulisho akaacha picha, alama za vidole na nambari yenyewe. Waliosoma mambo ya hifadhidata watanielewa nikisema kwamba jenomu ndiyo ufunguo mkuu wa jedwali.

Tangazo la gazeti

Mradi wa Jenomu ya Binadamu ulianza rasmi mwaka wa 1990. Marekani ilikadiria kuwa ungechukua miaka 15 na kugharimu dola bilioni 3. Kiongozi wa kwanza upande wa taasisi ya afya ya taifa la Marekani, NIH, alikuwa James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA mwaka wa 1953. Watson alitaka sehemu ya bajeti itengwe kwa ajili ya kuchunguza maadili, sheria na athari kwa jamii. Ilianza na asilimia 3, baadaye ikawa 5. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba wanasayansi hawakuliwazia suala hili. Waliliwazia tangu siku ya kwanza.

Mwezi wa Machi 1997 kulitokea tangazo katika gazeti la The Buffalo News, jimbo la New York. Maabara moja katika kituo cha saratani cha Roswell Park ilitafuta watu 20 wa kujitolea damu ili DNA yao itumike kutengeneza maktaba ya vipande vya kusomwa. Walijitahidi kuficha. Walikusanya sampuli nyingi kuliko zilizohitajika, wakaondoa majina, wakachagua chache bila kuangalia ni za nani. Hata mtoaji mwenyewe hangejua kama yake ndiyo iliyotumika.

Fomu ya ridhaa iliwaeleza watoaji kwamba viongozi wa mradi walitarajia mtu mmoja asichangie zaidi ya asilimia 10 ya matokeo ya mwisho. Lakini kazi ilipopamba moto, maktaba moja ikaonekana bora kuliko nyingine. Iliitwa RP11. Mwishowe zaidi ya asilimia 70 ya jenomu ya rejea ikatoka kwa mwanamume huyo mmoja. Fomu ilisema 10, tarakilishi ikasema 70. Nyaraka zilizoonyesha pengo hilo zilichambuliwa hadharani na waandishi wa habari mwaka wa 2024, miaka 27 baada ya tangazo.

Na je, hatujui lolote juu ya RP11? Jina lake hatulijui. Lakini watafiti waliochunguza herufi zake walitambua kwamba karibu nusu ya asili yake ni ya Afrika na nusu ya Ulaya, yaani inaelekea ni Mmarekani mweusi. Hakuna aliyemwuliza. Faili yenyewe ilisema. Na kwa vile ficho lilimficha hata kwake mwenyewe, hana njia ya kujua kwamba anayezungumziwa ni yeye, seuze kulalamika.

Uwazi dhidi ya siri

Sisi watu wa programu huria tuna shujaa katika hadithi hii, nami siwezi kumpita bila kumtaja. Mwaka wa 1996, katika kisiwa cha Bermuda, viongozi wa mradi wa umma walikubaliana kwamba vipande vinavyosomwa vitawekwa wazi kwenye mtandao ndani ya saa 24. Miaka miwili baadaye kampuni ya Celera, chini ya Craig Venter, ikaingia mbioni ikiwa na mpango wa kuuza huduma ya data yake. Hofu ikawa kwamba jeni zetu zitafungiwa kwa hataza.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, aliyeitwa James Kent, alipojifungia kwa muda wa kama wiki 4 akaandika programu ya kuunganisha vipande hivyo. Aliiita GigAssembler, na ilitumia kundi la tarakilishi 100 za Pentium III. Alimaliza tarehe 22 Juni 2000. Siku nne baadaye Rais Bill Clinton akatangaza ushindi wa pande zote mbili katika Ikulu ya Marekani, na tarehe 7 Julai jenomu ikawekwa kwenye mtandao, bure, kwa yeyote aliyetaka kuipakua.

Naipenda sana hadithi hiyo, na bado naamini Kent alifanya jambo jema. Lakini tuangalie tofauti moja ambayo sisi wapenzi wa uwazi huwa tunaipita haraka. Ninapotoa programu yangu huria, natoa kitu nilichokiandika mwenyewe. Mtu anapotoa jenomu yake, anatoa pia nusu ya jenomu ya kila mtoto wake, nusu ya kila mzazi wake, na takriban nusu ya ndugu yake wa baba na mama mmoja. Leseni anatia sahihi mmoja, mali ni ya ukoo mzima.

Waliolitambua hilo mapema ni mahakama ya Iceland. Mwaka wa 1998 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuunda hifadhidata ya rekodi za afya za taifa zima, na kampuni ya deCODE ikapewa kibali cha kuiendesha. Mtu alihesabiwa kuwa amekubali mpaka aseme amekataa. Majina yangefichwa kwa kanuni za siri. Binti mmoja alikataa rekodi za marehemu baba yake ziingizwe. Akaambiwa marehemu si yeye, hana haki. Tarehe 27 Novemba 2003 Mahakama ya Juu ikampa ushindi: habari za urithi za baba zinaweza kumfichua mwana, na sheria ile haikuweka kinga ya kutosha. Hifadhidata hiyo haikujengwa kamwe.

Haraka haraka haina nini?

Turudi kwa Watson. Mwaka wa 2007 yeye mwenyewe alisomewa jenomu yake kwa gharama ya takriban dola milioni 1, akakubali iwekwe wazi kwa watu wote. Isipokuwa kitu kimoja. Bibi yake alikuwa ameugua Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, naye hakutaka kujua jeni iitwayo APOE inasema nini juu yake. Basi jeni hiyo ikafutwa kwenye faili.

Ebu jaza nafasi hii: "Haraka haraka haina ______." Umeshajaza, au sivyo? Nimefuta neno, lakini majirani zake wamelitaja. DNA nayo iko hivyo. Herufi zilizo karibu hurithiwa pamoja, kwa mafungu, hivyo ukijua za jirani unaweza kukisia ile iliyofutwa kwa uhakika mkubwa. Mwaka wa 2008 watafiti watatu walieleza kwamba hali ya APOE ya Watson ingeweza kukisiwa kutokana na herufi zilizoachwa pembeni yake. Waungwana hao hawakutangaza jibu. Waliwaonya wenye data, na eneo la herufi kama milioni 2 likaondolewa. Fikiria: mmoja wa waliogundua umbo la DNA, akisaidiwa na wataalamu, hakuweza kuficha neno moja kwa kulifuta peke yake.

Mwaka huo huo wa 2008 likaja pigo jingine. Kwa muda mrefu watafiti walikuwa wanaweka kwenye mtandao wastani tu: kati ya wagonjwa elfu moja, asilimia fulani wana A hapa, asilimia fulani wana G. Nani angeogopa asilimia? Mwezi wa Agosti makala moja ikaonyesha kwamba ukiwa na DNA ya mtu, unaweza kupima kama yumo ndani ya kundi hilo, hata kama mchango wake katika mchanganyiko haufiki asilimia 0.1. Ujanja wake ni wa takwimu za kawaida: kila sehemu moja inakupa dokezo dogo sana, lakini ukijumlisha sehemu laki kadhaa dokezo linakuwa kelele. Na kama kundi lenyewe ni la wagonjwa wa maradhi fulani, basi umejua mtu huyo anaugua nini. NIH iliondoa takwimu hizo kwenye kurasa za wazi mwezi huo huo.

Kisha Januari 2013. Kundi la Yaniv Erlich, lililokuwa katika taasisi ya Whitehead huko Marekani, lilichukua jenomu zisizo na majina zilizokuwa wazi kwenye mtandao, zikiwemo za familia za jimbo la Utah. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na katika desturi yao jina la ukoo hupita njia hiyo hiyo. Walipeleka alama za Y kwenye tovuti za watu wanaotafuta ukoo wao, wakapata jina la ukoo. Wakaongeza umri na jimbo, ambavyo vilikuwa wazi, na utafutaji wa kawaida wa intaneti. Waliwatambua watu karibu 50. Hawakudukua seva yoyote wala kuiba nywila ya mtu.

Webuye na Huduma Namba

Sasa tuje nyumbani. Miongoni mwa miradi iliyofuata ule wa kwanza ni HapMap na ule wa Jenomu 1000. Kati ya watu waliosomwa kuna Waluhya wa Webuye na Wamaasai wa Kinyawa. Katika toleo la mwisho la Jenomu 1000, lililotoka mwaka wa 2015, kuna watu 2,504 kutoka jamii 26, na 99 kati yao ni Waluhya wa Webuye. Wana alama yao, LWK, na yeyote mwenye intaneti nzuri anaweza kupakua faili zao usiku wa leo.

Sisemi kwamba kuna aliyewatambua. Hata mbinu ya 2013 isingefua dafu kirahisi hapa, kwa kuwa Wakenya wengi hatubebi jina moja la ukoo kizazi hadi kizazi kama Wazungu wa Utah. Lakini tazama kilichofutwa na kilichobaki. Jina la mtu limefutwa. Jina la kabila na la mji yamebaki. Kesho mtu akiandika kwamba jamii fulani ina hatari zaidi ya ugonjwa fulani, atakayeguswa si yule aliyetia sahihi peke yake, ni kila mtu wa jamii hiyo, akiwemo aliyekuwa hajazaliwa wakati damu inatolewa.

Halafu kuna lile la serikali. Mwaka wa 2018 sheria ya usajili wa watu ilifanyiwa marekebisho, na DNA pamoja na viwianishi vya GPS vya makao ya mtu vikaingizwa katika yale ambayo serikali ingeweza kukusanya. Kisha ikaja Huduma Namba. Nubian Rights Forum na mashirika mengine ya haki wakaenda kortini. Tarehe 1 Aprili 2019 Mahakama Kuu iliizuia serikali kwa muda isikusanye DNA wala GPS, na tarehe 30 Januari 2020 ikaamua kwamba kukusanya vitu hivyo viwili kwa ajili hiyo ni kuingilia faragha kupita kiasi na ni kinyume cha katiba. Katikati ya tarehe hizo, Novemba 2019, tulipata Sheria ya Ulinzi wa Data, inayoitaja data ya jeni kuwa ni data nyeti.

Kwangu mimi hukumu ile ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Huduma Namba ilizungumzwa sana kama suala la foleni na kadi. Lakini kama DNA ingekusanywa, serikali ingekuwa na ufunguo mkuu wa taifa, usiobadilika, unaowataja hata jamaa wa mtu ambaye hakusajiliwa.

Jamaa ndio mlango

Kama unadhani natia chumvi kuhusu jamaa, kumbuka Aprili 2018. Polisi wa California walimkamata Joseph James DeAngelo, muuaji aliyekuwa amewatoroka tangu miaka ya sabini. Yeye hakuwahi kuweka DNA yake popote. Ndugu zake wa mbali ndio waliokuwa wameiweka yao kwenye tovuti ya GEDmatch, iliyokuwa na watu kama milioni 1. Polisi walipanda mti wa ukoo, wakashuka tawi jingine, wakafika mlangoni pake. Baadaye mwaka huo Erlich na wenzake walikadiria kwamba zaidi ya asilimia 60 ya Wamarekani wenye asili ya Ulaya wangeweza kufikiwa kwa njia hiyo kupitia ndugu wa mbali. Kukamatwa kwa muuaji ni jambo jema. Lakini njia iliyomfikia muuaji inamfikia pia mkimbizi, mpinzani wa serikali, na mtoto wa nje ya ndoa.

Mwaka wa 2023 kampuni ya 23andMe iliingiliwa na wadukuzi waliotumia nywila zilizovuja kwingine. Akaunti zilizofunguliwa moja kwa moja zilikuwa kama 14,000. Watu walioathirika walikuwa milioni 6.9, kwa sababu kila akaunti ilikuwa imeunganishwa na jamaa. Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na data ya watu zaidi ya milioni 15 ikawa mali ya kunadiwa. Shirika lisilo la faida lililoanzishwa na mwanzilishi wake mwenyewe ndilo lililoinunua, kwa dola milioni 305. Nywila ikivuja unabadilisha. Jenomu ikivuja utabadilisha nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

Ahadi ya kweli

Je, tuache kusoma jenomu? La hasha. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani, na dawa zinazojaribiwa bila sisi hazitatufaa sisi. Tatizo langu ni ahadi, si sayansi.

Kuna waliojaribu kusema ukweli. Mwaka wa 2005 George Church wa Harvard alianzisha Mradi wa Jenomu Binafsi, ambapo mshiriki anaambiwa waziwazi kwamba hakuna anayemwahidi kutojulikana, na kabla ya kuingia hufanya mtihani kuthibitisha kwamba ameelewa. Wengine wamebadilisha mtambo wenyewe. Hifadhi ya UK Biobank huko Uingereza ilipotoa jenomu za karibu watu 500,000 mwaka wa 2023, haikuziweka wazi kwa kila anayepita. Mtafiti anaomba ruhusa, kisha analeta programu yake kwenye data, badala ya data kusafirishwa kwenda kwake. Na Marekani ilipitisha sheria mwaka wa 2008 inayowakataza waajiri na bima za afya kumbagua mtu kwa jeni zake, ingawa bima ya maisha haikuguswa.

Ukiviangalia hivi vyote kwa pamoja, hakuna hata kimoja kinachotegemea kufuta jina. Vinategemea kusema ukweli, kudhibiti nani anagusa faili, na kumwadhibu anayeitumia vibaya. Hivyo ndivyo mfumo unavyojengwa ukishakubali kwamba data hii haifichiki.

Kwa hiyo siku ukiletewa fomu ya utafiti au kijisanduku cha kutemea mate, usiulize tu kama jina lako litafutwa. Uliza faili itakaa wapi na nani ataifungua. Uliza kampuni ikiuzwa itakuwaje. Kisha, kabla ya kutia sahihi, mpigie simu ndugu yako umwulize kama yeye naye amekubali.